Iacheni Hiyo "Tu": Maneno Yangu kwa Mavolontia Wapya wa Msalaba Mwekundu, Ujiji

(Hotuba kwa vijana waliomaliza mafunzo ya huduma ya kwanza, Ujiji, Kigoma, Siku ya Msalaba Mwekundu Duniani, 8 Mei)

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa chama, masheikh na wachungaji wetu, wazee wangu wa Ujiji, na nyinyi vijana mliokaa huko mbele na vizibao vyenu vipya: itifaki imezingatiwa. Shikamooni wakubwa. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Vijana, hamjambo?

Nimeombwa niseme kuhusu historia na kazi ya Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania. Nitasema. Lakini naomba nianze na neno nililolisikia hapo nje kabla hatujaingia. Mmoja wenu alikuwa anaongea na simu, nadhani na mjomba wake, akasema: "Hapana mjomba, si ajira, mimi ni volontia tu." Sitamtaja, asiwe na wasiwasi. Ila hiyo "tu" imenichoma. Nimeisikia kwa miaka mingi, nami mwenyewe niliisema ujanani. Leo nataka kuwaeleza kwa nini niliiacha, na historia yenyewe itatusaidia.

Novemba 1996 nilikuwa na miaka 21, nauza mawese na shangazi yangu pale mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Vita vilikuwa vimelipuka Kivu ya Kusini, Congo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Uvira ilikuwa imeanguka mwishoni mwa Oktoba, na watu wa Uvira, wa Baraka, wa Fizi walikuwa wanavuka ziwa kwa chochote kinachoelea. Wazee mliopo mnakumbuka. Boti linafika usiku, limejaa hadi ukingo umebakiza kiganja kimoja juu ya maji. Watu wanashuka kimya. Kile kimya ndicho kilichonitisha, maana mwalo wa samaki haujui kunyamaza. Watoto hawalii. Mama mmoja alishuka na sufuria kichwani. Nilipomsaidia kuitua, ndani mlikuwa na redio na ndala ya mguu mmoja.

Usiku ule hapakuwa na hema, wala gari, wala mtu mwenye kizibao. Walikuwepo wavuvi waliozima karabai zao, wakaacha dagaa, wakarudi ufukweni kuvuta maboti. Alikuwepo mama lishe aliyepika uji akaugawa kwa kikombe kimoja kilichozunguka watu wote. Shangazi yangu alivua kanga ya mabegani akamfunika mzee aliyekuwa anatetemeka, na kanga hiyo hakuirudia. Kulipopambazuka wakaja watu wanne wa Msalaba Mwekundu wa hapa mkoani, na nilipowatazama vizuri nikaona wawili nawajua: fundi cherehani wa Mwanga, na mwalimu wa shule ya msingi. Yule mwalimu akanikuta nimesimama, akaniuliza, "Mwandiko wako unasomeka?" Nikamwambia unasomeka. Akanipa daftari la mistari na kalamu.

Nilijiunga hivyo. Hakuna fomu niliyojaza siku ile. Fomu nilijaza baada ya majuma mawili, chini ya mwembe.

Sasa niwapeleke mbali kidogo. Tarehe 24 Juni 1859, kaskazini mwa Italia, majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipambana na jeshi la Austria karibu na mji wa Solferino. Jua lilipozama, watu wapatao 40,000 walikuwa wamelala uwanjani, maiti na majeruhi pamoja. Kijana mmoja wa Geneva, Uswisi, Henry Dunant, alikuwa amesafiri kwa shughuli zake za biashara, anamtafuta mtawala wa Ufaransa, Napoleon III, amsaidie. Hakuwa daktari. Hakuwa askari. Alifika mji wa jirani, Castiglione, akakuta majeruhi wamejazana makanisani na barabarani, inzi wamewatanda, waganga hawafiki hata kumi.

Jina la Dunant mnalijua, lilikuwa kwenye mtihani wenu. Mimi nataka mwajue wanawake wa Castiglione, ambao hakuna anayewauliza kwenye mtihani. Dunant alipofika, wao walikuwa wameshaanza kazi. Wanachota maji, wanachana mashuka kupata vitambaa vya kufungia vidonda, wanawashika mikono wanaokata roho. Na waliwahudumia Waustria, maadui, sawasawa na wengine, wakisema kwa lugha yao "tutti fratelli", yaani wote ni ndugu. Dunant aliwapanga kwa makundi, akaagiza malimao, sukari, mashati na tumbaku kutoka mji wa Brescia, akakaa siku kadhaa akifanya kazi pamoja nao. Kisha akarudi kwao akaandika. Mwaka 1862 akachapisha kitabu kidogo chenye swali moja zito: kwa nini kila nchi isiwe na watu wa kujitolea waliofundishwa mapema, wakati wa amani, ili balaa likija lisiwakute mikono mitupu? Mwaka uliofuata, 1863, kamati ya watu watano ikakaa Geneva, na Agosti 1864 serikali 12 zikatia saini Mkataba wa kwanza wa Geneva wa kuwalinda majeruhi na wanaowahudumia.

Tazameni nani alitangulia. Wenyeji kwanza, mgeni baadaye, mkataba mwisho. Usiku wa Kibirizi ulikuwa hivyohivyo. Mama lishe wetu hakuwahi kusikia habari ya Castiglione, na wala hakuihitaji.

Kwetu hapa, enzi za mkoloni, Msalaba Mwekundu ulikuwa tawi la ule wa Uingereza. Uhuru ulipatikana Desemba 1961, na mwaka uliofuata Bunge la Tanganyika likatunga Sheria Namba 71 ya 1962 kuunda chama chetu wenyewe. Mwaka 1963 kikatambuliwa kimataifa, na baada ya Muungano kikachukua jina la Tanzania. Fikirini kidogo: nchi haina mwaka wala miwili, walimu hawatoshi, madaktari wanahesabika kwa vidole, na bado Bunge linakaa kujadili chama cha watu wa kujitolea. Sidhani waliona ni jambo dogo.

Sheria ile ilitupa nafasi ambayo wengi hawaielewi. Sisi si idara ya serikali, na pia si shirika lisilo la kiserikali kama mengine mnayoyaona na magari yao. Chama ni msaidizi wa serikali katika mambo ya kibinadamu: serikali ikielemewa, tunatia bega, lakini lazima tubaki na uhuru wa kusema hapana pale tunapotakiwa kufanya jambo linalovunja misingi yetu. Huo ni mstari mwembamba, na kila kiongozi wa tawi anaujua kwa tumbo lake. Pia kuna vyama ndugu, 191 duniani kote, pamoja na Kamati ya Kimataifa inayoshughulika zaidi na vita, na Shirikisho linalounganisha vyama vya nchi. Mkisikia watu wa kambini wanachanganya herufi zetu, TRCS (Tanzania Red Cross Society), na zile za TCRS (Tanganyika Christian Refugee Service), msikasirike. Wale ni shirika lenye asili ya Kikristo lililoanza 1964 kuhudumia wakimbizi, nao wana historia yao ndefu katika mikoa hii yetu ya magharibi. Herufi zinafanana, kazi mara nyingi tumefanya bega kwa bega.

Watu hutuita mwisho wa reli. Ni kweli, reli iliyoanzia Dar es Salaam inakomea hapa. Lakini kwa anayeingia kwa boti kutoka Congo au kwa miguu kutoka Burundi, hapa ndipo reli inapoanzia, na ndiyo maana historia ya chama hiki ukiiandika bila Kigoma inabaki na tundu katikati. Mwaka 1972 Warundi walikimbia mauaji, wengi wakapelekwa kwa ndugu zetu wa Tabora, Ulyankulu, na kule Katumba na Mishamo. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye akauawa Burundi, mpaka ukafurika tena. Aprili 1994 ikawa Rwanda; kwa saa 24 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Ikafuata 1996 niliyowaeleza. Kambi zikaota kama uyoga: Lugufu, Nyarugusu, Mtabila, Muyovosi, na zile za Kibondo. Katika kambi nyingi kati ya hizo waliokuwa wanazalisha kina mama, wanapima malaria, wanachanja watoto na kutembea hema kwa hema kuuliza nani anaharisha, walikuwa watu wa Msalaba Mwekundu wa Tanzania. Hadi leo ukienda Nyarugusu utawakuta hospitalini.

Na hospitali ile haimtibu mkimbizi peke yake. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu maneno ya "hao ni wa wakimbizi" nimeyasikia sana vijijini. Mama wa kijiji cha jirani akishikwa na uchungu usiku hupelekwa palepale, na hakuna anayemuuliza kadi ya mgao. Kutopendelea ni mojawapo ya misingi yetu saba, na maana yake si kuwagawia watu wote sawasawa kama keki ya harusi. Maana yake ni kumtazama aliyeumia zaidi na kuanza naye, hata kama ni yule ambaye jana alikutukana.

Nije kwenye jambo ambalo hapa Ujiji haliwezi kukwepwa: huo msalaba kifuani.

Siku ya kwanza niliporudi nyumbani na aproni yenye alama, bibi yangu alikuwa barazani anapeta mchele. Akauweka ungo chini. Akanitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa upole sana, na upole wake ndio ulioniumiza: "Mjukuu wangu, umebadili dini hukuniambia?" Sikuwa na jibu. Mimi Mmanyema, mtoto wa Kiislamu, nimelelewa madrasa ya mtaa huuhuu, nilikuwa nimevaa kitu bila kukijua. Nikarudi kwa yule mwalimu, akanichorea kwenye vumbi kwa kijiti. Bendera ya Uswisi ni nyekundu yenye msalaba mweupe. Igeuze rangi: nyeupe yenye msalaba mwekundu. Ndiyo alama. Iliwekwa 1864 kwa heshima ya nchi ilikoanzia kazi hii, si kwa ajili ya kanisa. Mwaka 1876 Waturuki wakatangaza kutumia hilali nyekundu, na nchi nyingi za Kiislamu zinaitumia hadi leo, ni chama kilekile, ni watu walewale. Mwaka 2005 ikaongezwa alama ya tatu, kristali nyekundu, kwa asiyetaka hata moja ya hizo mbili.

Nikamweleza bibi yote. Akasikiliza, akachukua ungo wake, akasema: "Basi kama ni bendera, uwe unaifua. Bendera haivaliwi chafu." Nimeifua kila jioni kwa miaka yote, hata siku ambazo sikuwa na nguvu ya kufua nguo nyingine.

Kwa hiyo mkiulizwa, jibuni vizuri, msimcheke anayeuliza. Na mkiona duka la dawa au bajaji imechorwa msalaba mwekundu, mwendeeni mwenyewe kwa adabu mkamwambie haifai. Si wivu wa nembo. Alama ile inalindwa kisheria kwa sababu siku ya vita mwenye bunduki anatakiwa akiiona tu ajue hapo hapapigwi. Ikizoeleka kwenye milango ya maduka, siku hiyo haitamlinda mtu.

Sasa nitasema jambo ambalo huwa silisemi kwa urahisi.

Mwaka 1997 nilipelekwa Kasulu, kambi ya Mtabila, kwenye kazi ya kuwatafutia watu ndugu waliopotezana nao. Kazi hii ilikuwa hivi: mtoto asiye na mtu unakaa naye chini, unamuuliza jina, la baba, la mama, kilima cha kwao, nani alikuwa jirani, ng'ombe wao aliitwaje. Unaandika kwenye kadi. Majina yanaingia kwenye orodha, orodha zinabandikwa kwenye mbao za matangazo kambi zote, zimepangwa kwa alfabeti. Na jueni jambo moja kuhusu ndugu zetu Warundi: mtoto hachukui jina la baba kama wengi wetu. Kila mtu ana jina lake. Ndugu wa tumbo moja, majina tofauti kabisa. Ukikosea jina la mtoto, hakuna ukoo wa kumfuatilia. Umempoteza mara ya pili.

Alikuwa msichana wa miaka mitano au sita, kutoka upande wa Makamba, Burundi. Alikuwa ameshika kipande cha muwa uliokauka, hataki kukiachia. Alitaja jina lake kwa sauti ndogo, mara mbili. Lilianza kwa R. Nilisikia L, nikaandika L.

Mama yake alikuwa Muyovosi. Kambi ya jirani. Alikuwa hajui kusoma, kwa hiyo kila juma alimbembeleza kijana wa hema la pili waende kwenye ubao, amsomee majina ya R, yote, kutoka juu hadi chini. Kila juma anarudi. Jina la mwanawe lilikuwepo, ubao uleule, hatua mbili kushoto kwake, chini ya L. Miezi minne. Aliyelikuta ni volontia mwingine, Mrundi, aliyekuwa anapitia kadi zangu akashangaa jina lile linasomekaje.

Siku walipokutanishwa nilikuwepo. Mama hakunilaumu, hakujua ni mimi. Nilimwambia mwenyewe baadaye, kwa kupitia mkalimani. Aliinamisha kichwa, kisha akaniomba kitu ambacho sikukitarajia: nimwoneshe jinsi jina la mwanawe linavyoandikwa. Tuliliandika pamoja ardhini, R, na yeye akaipitisha kidole chake juu ya herufi ile mara nyingi.

Tangu siku hiyo sikuweza tena kusema "mimi ni volontia tu". Kwa sababu ukisema hivyo unajipa ruhusa ya kukosea. Volontia tu, akiandika L badala ya R, nani atamwuliza? Yule mtoto hakupewa mwandishi mwingine aliye bora. Alinipata mimi. Siku ile, kwa yule mtoto, Geneva yote, Bunge la 1962, Dunant na mikataba yake, vilikuwa ni kalamu yangu ya buluu.

Siku hizi kazi hiyo imebadilika. Kambini kuna huduma ya simu: mkimbizi anapiga bure dakika chache kwa ndugu yake, kwa msaada wa Kamati ya Kimataifa. Kwa asiye na namba ya kupiga bado upo ujumbe wa Msalaba Mwekundu, barua iliyo wazi, ya habari za familia pekee, siasa hairuhusiwi. Nimewahi kubeba ujumbe wenye maneno manne: "Ng'ombe kafa. Tuko hai."

Kuhusu 2015 nitasema kidogo, maana wengi wenu mlikuwa watoto mkaona wenyewe. Aprili mwaka ule Burundi ilichafuka baada ya Rais Pierre Nkurunziza kutangazwa kugombea muhula wa tatu. Watu wakamiminika Kagunga. Mnaijua Kagunga: huku ziwa, huku mlima, gari haliingii. Makumi ya maelfu ya watu kwenye ukingo wa ziwa, wanakunywa maji yaleyale wanayojisaidia pembeni yake. Mei kikaingia kipindupindu. Zaidi ya wagonjwa 3,000 waliandikwa katika majuma machache, na zaidi ya watu 30 walifariki, wengi wakimbizi na wenyeji wawili. Meli yetu ya MV Liemba, ile iliyojengwa na Wajerumani 1913 ikazamishwa na kuibuliwa, ilitia nanga mbali kidogo kwa sababu ufukweni haiwezi kufika, maboti madogo yakawa yanapeleka watu kwake, karibu 600 kila safari, hadi Kigoma mjini, Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi hadi Nyarugusu. Kambi ile ilikuwa na watu kama 60,000. Mwaka ulipoisha ilikuwa imepita 150,000.

Mimi nilikuwa Kagunga, kwenye ndoo. Tulikuwa tunatia klorini kwenye maji watu wanapochota. Mzee mmoja akakataa, akasema inanuka dawa, tunataka kuwaua. Maneno yakasambaa, foleni ikayeyuka mbele ya macho yangu. Sikuwa na hotuba. Nikachukua kopo, nikachota kwenye ndoo yake, nikanywa mbele yake, lote. Wa pili akasema, "Na kwenye yangu pia." Nikanywa. Siku ile nilikunywa kwenye ndoo za watu hadi tumbo likawa gumu kama ngoma, na hadi jioni foleni ilikuwa imerudi. Yule mzee ndiye aliyekuwa anawapanga.

Kipindupindu kinaua kwa kumkausha mtu maji. Mlifundishwa, na nawarudishia: kama hakuna pakiti ya ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogokidogo bila kuacha huku mnampeleka kituoni. Msisubiri gari. Na kwa kuwa sisi ni watu wa ziwa, nawaomba mwaambie wavuvi wenu leo hiihii: aliyezama akitolewa majini hageuzwi miguu juu wala hakandwi tumbo kutoa maji. Ni kupoteza dakika. Kama hapumui, mlaze chali, fungua njia ya hewa, mpulizie pumzi, kisha bonyeza kifua kama mlivyofanya kwenye lile sanamu. Nimeona kijana wa Katonga akigeuzwa kichwa chini kwa upendo mkubwa na ndugu zake sita, na hakuamka.

Nilisema "tu" niliiacha. Lakini nisieleweke vibaya, maana kuna watu wanaoipenda hiyo "tu" kwa sababu nyingine. Kuna wakati shirika moja, sitalitaja, liliazima kwetu mavolontia wanane kwa ajili ya wodi yake ya kipindupindu. Tulifika, hakuna glavu, hakuna buti, hakuna hata mahali pa kunawa. Nikauliza. Nikajibiwa kwamba vifaa ni vya wafanyakazi, nyinyi si ni volontia tu? Tulifanya kazi siku mbili. Mmoja wetu akaugua. Alipona, namshukuru Mungu, lakini nilijilaumu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wao na nilinyamaza.

Kujitolea si kutupwa. Volontia ana haki ya kufundishwa, kukingwa, kupewa nauli na chakula cha siku, na kujua nani atamtibu akiumia kazini. Siku mtakapopelekwa mahali bila glavu, mkubwa wenu aseme hapana, na asipoweza, semeni nyinyi. Mheshimiwa mgeni rasmi, hili nimelisema mbele yako makusudi, na nitafurahi ukilibeba.

Watu huniuliza nimepata nini. Sina nyumba ya ghorofa. Posho zilikuja, zikachelewa, nyingine hazikuja. Nimeendelea kuuza mawese. Lakini nikipita mwaloni kuna wanaoniita kwa jina la kazi, "dada wa daftari", na wapo ambao walikuwa watoto wachanga migongoni mwa mama zao Novemba ile, leo wana maboti yao. Mwaka ziwa lilipojaa likameza nyumba za Kibirizi, hao ndio waliokuja na mitumbwi kutoa vitu vya watu kabla sijawapigia simu. Hawakuwa na kizibao hata mmoja. Ndipo nikamkumbuka mama lishe wetu na kikombe chake.

Nimalizie na mambo ya kiutendaji, kwa sababu naona mwenyekiti anaangalia saa.

Jumamosi saa moja asubuhi tunakutana mwaloni Katonga. Kila mmoja aje na kamba ya mita tano na ndoo yenye mfuniko. Tutafanya zoezi la kuokoa mtu majini na wavuvi wenyewe, kwa hiyo anayeogopa maji aniambie leo, kuna kazi ya ufukweni pia. Baada ya hapo, mwezi ujao, tarehe 14 Juni, ni siku ya wachangia damu; nahitaji watu kumi wa kupita misikitini na makanisani kuhamasisha.

Vitambulisho vyenu viko kwenye bahasha pale mezani kwa katibu. Niliviandika mimi jana usiku, kwa mkono. Mtakapoitwa, msisaini haraka. Kila mmoja asome jina lake, herufi kwa herufi, na kama kuna iliyokosewa anirudishie hapahapa. Kalamu ninayo.